Meneja wa Ng'ambo ya Barabara

6 Februari

Mdogo wangu Kitinda,

Naomba karatasi hii ikukute mzima, unakula vizuri, na kile kikohozi cha kiyoyozi kimekuachia kifua. Sisi hapa hatujambo. Shemeji yako mgongo bado unamsumbua, ila ulimi haujawahi kumuuma hata siku moja, kwa hiyo nyumba haijapoa.

Najua utasema ningepiga simu. Kwenye simu wewe ukisikia naanza kulalamika, ghafla mtandao unakatika. Barua haikatiki.

Habari yenyewe ni hii. Lile ghala la mbao lililokuwa linatazamana na duka letu limebomolewa. Walikuja na mitambo asubuhi, hadi jioni palikuwa peupe, na vumbi lote limeingia kwangu, nimefuta makopo ya maziwa mpaka mkono umekufa ganzi. Sasa wamezungusha mabati. Fundi cherehani anasema itajengwa hospitali, lakini yeye anataka hospitali kwa sababu anawaza kushona sare za wauguzi. Fundi viatu anasema kituo cha mafuta. Bucha, yule muuza nyama jirani yetu, anasema ni supamaketi, tena ameambiwa na dereva wa lori la kokoto.

Nami nimeyaangalia yale mabati. Ni ya kijani yenye mstari wa manjano, rangi ileile ya mifuko unayotuletea ukija likizo. Sasa wewe si ndiko unakofanya kazi? Hebu waulize wakubwa wako wanataka nini huku kwetu, mtaa wenye watu wa kununua nusu kipande cha sabuni.

Sina hofu, nauliza tu. Ila jana mteja aliomba sukari nikamfungia chumvi, na kosa hilo sijawahi kulifanya tangu nianze kusimama nyuma ya kaunta hii.

Dada yako


22 Februari

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, kikohozi kimeisha, ninakula. Mpe shemeji pole ya mgongo na umwambie aache kubeba magunia kwa kujionyesha.

Nimeuliza. Ni kweli, ni tawi letu. Lakini dada, usiwe na wasiwasi. Wateja wa duka kubwa ni watu wa kununua vitu vya mwezi mzima, wanakuja na magari. Wako ni wale wa asubuhi na jioni, wanaotaka mafuta ya kupikia kidogo, kiberiti, mshumaa mmoja. Hao hawawezi kusukuma toroli kwa ajili ya mshumaa.

Ila lifanye duka livutie. Pakeni rangi. Badilisheni ile taa, inawafanya watu wote waonekane wagonjwa. Yatoe yale makopo ya zamani kwenye rafu ya juu. Bandika bei kwenye kila kitu, siku hizi watu hawapendi kuuliza. Na fungua mapema kuliko wao.

Nitaandika zaidi nikipata nafasi. Kazi zimebana sana.

Mdogo wako


15 Machi

Kitinda wangu,

Marahaba. Tunaendelea vizuri, tunakuombea nawe uwe vivyo hivyo.

Tumepaka rangi. Shemeji yako amepaka ukuta nusu na suruali yake yote. Taa nimebadilisha, sasa tunaonana sana, hata makunyanzi yangu nimeyafahamu upya. Bei nimebandika. Wateja wameniuliza kama nimegombana na mtu, maana zamani bei walikuwa wananiuliza mimi, na tukianza na bei tunaishia kwenye habari za mguu wa mama mkwe. Sasa wanasoma, wanalipa, wanaondoka. Nimezibandua nusu.

Ng'ambo kuta zimepanda. Wataweka vioo mbele, kuanzia chini hadi juu. Mzee wa Madaftari, yule wa vifaa vya shule, kila asubuhi anasimama kwenye mlango wake mikono nyuma akiwaangalia mafundi, kama mtu anayetazama kaburi likichimbwa asijue la nani.

Juzi alikuja mwenye nyumba. Aliketi kwenye benchi langu, akaomba maji, akaniuliza biashara inaendaje. Miaka yote hii hajawahi kuuliza. Nilimjibu nimechoka, na kweli nilikuwa nimechoka, tulikuwa tumetoka kupaka rangi. Akatikisa kichwa, akaondoka.

Kitinda, kuna kitu kwenye barua yako. Uliandika kama mtu aliyesimama na mkoba begani. Kuna tatizo kazini? Kama wanakuonea niambie. Nitapanda basi nije niongee nao.

Dada yako


27 Aprili

Kitinda,

Natumaini u mzima, maana sina la zaidi ya kutumaini. Barua yangu hukujibu. Nikipiga simu unasema uko kwenye mkutano. Mikutano gani hiyo ya mtu wa kupanga rafu?

Shemeji yako anasema nisikusumbue, umekuwa mtu mkubwa. Alisema kwa utani, akaona uso wangu, akaenda kufagia mahali palipokuwa safi.

Huku kuna maneno. Bucha amesikia kwa wasimamizi wa ujenzi kwamba meneja wa hapo ng'ambo atakuwa mwanamke, tena mtoto wa mtaa huuhuu, anayewafahamu watu nyumba kwa nyumba. Nikamwambia mtaa huu umesomesha watoto wengi. Aliniangalia kidogo, kisha akarudi kukata nyama bila kuniambia kitu, na wewe unamjua Bucha, si mtu wa kukosa la kusema.

Usingizi wangu umekuwa wa vipandevipande. Nina swali moja nawe unalijua. Nijibu kwa neno moja.

Dada yako


9 Mei

Dada yangu,

Shikamoo. Neno ulilotaka ni ndiyo.

Waliniita ofisini Januari, kabla hata hujaniandikia habari za mabati. Walisema tawi jipya linahitaji meneja, na jina langu ndilo lililopendekezwa. Nilipoona ramani na kukuta ni barabara yetu, niliomba wanipe tawi lolote jingine. Wakasema halipo jingine, na kama sitaki kupandishwa cheo, wapo wengi wanaotaka nafasi yangu ya chini pia. Niliomba muda wa kufikiri. Nilifikiri mpaka nikawa sielewi tena ninafikiri nini.

Uliponiandikia niulizie, nilikuwa tayari ninajua, na sijasaini. Ningekwambia nini? Niliona kama nitasaini nitakwambia, na kama sitasaini hakuna haja. Halafu nikasaini, na mkono ukakataa kukuandikia.

Nilijiambia hivi: lile jengo litasimama hata nikikataa. Wataleta mtu asiyekujua, asiyejali nani anakaa mbele yake. Afadhali niwe mimi, huenda nikazuia mabaya kidogo. Sijui kama hiyo ni sababu au ni kisingizio nilichokishona kikanikaa vizuri.

Nakuja mwishoni mwa mwezi. Kampuni imenipangia chumba nyuma ya duka la dawa, kwa hiyo sitakubana. Naomba unipokee, dada, hata kwa kunitukana.

Mdogo wako


16 Mei

Kitinda,

Barua imefika. Hatujambo.

Usihangaike kutuletea kitu. Ukipita nitakusalimia kama ninavyowasalimia wapita njia wote.

Dada yako


28 Juni

Dada,

Shikamoo, ingawa najua hutaniitikia.

Naandika nikiwa ng'ambo ya barabara. Ofisi yangu iko ghorofani, ina dirisha moja, na dirisha hilo linaangalia kwako. Nakuona ukifuta mizani asubuhi. Nakuona ukikaa kwenye kile kigoda na kuinuka kila mtu anapopita, halafu unakaa tena. Nimeomba wanipe pazia. Nimeletewa, na sijalifunga.

Siku ya kufungua watu walijaa mpaka mlango wa kioo ukawa haufungi. Shemeji alikuja. Alichukua toroli, akazunguka duka zima bila kuweka kitu, akasimama mbele ya majokofu akayapa shikamoo moja baada ya jingine, walinzi wakacheka. Kwenye kaunta keshia alimuuliza amenunua nini. Akajibu amenunua baridi, ila ataimalizia humuhumu. Baadaye alipanda ofisini kwangu, akaketi, hakufanya utani wowote. Aliniuliza ninakula wapi. Ndiye nitakayempa barua hii, usimgombeze.

Nataka ujue jambo moja. Bei sipangi mimi. Zinafika kila asubuhi kwenye kompyuta kutoka makao makuu, kazi yangu ni kuzibandika. Mkate tunauuza chini ya gharama ya kuuoka. Niliuliza kwa nini. Nikajibiwa kwamba huo mkate si wa kuleta faida, ni wa kuzoesha miguu ya watu.

Niliposikia hivyo nilikwenda dirishani. Ulikuwa unapanga mikate yako.

Mdogo wako


20 Julai

Kitinda,

Marahaba. Nimekuitikia kwa sababu salamu haina kosa.

Unaniona kutoka juu, basi acha nikueleze kinachoonekana kutoka chini. Wateja wangu siku hizi wana njia mpya ya kutembea. Wakitoka kwenu wanapitia upande ule wa duka la dawa, au wanashika mfuko kwa mkono wa mbali nami, kama mtu aliyeficha kidonda. Mama Mapacha, niliyekuwa namfungulia hata nikiwa naumwa, jana alipita akiinamia simu, na simu yenyewe ilikuwa imezimwa. Sikumwita. Ningemwita ningemwambia nini? Ana watoto, na mkate wenu ni rahisi. Hata mimi ningekuwa yeye ningenunua kwenu.

Mzee wa Madaftari amefunga. Aliuza rafu zake kwa mtu wa kufuga kuku. Alikuja kuniaga akiwa amevaa koti, akasimama kwenye kaunta akazungumza habari za mvua kwa muda mrefu, kisha akatoka, na lile la kuaga hakuliweza. Bucha naye amefunga. Wewe unajua aliko, maana ni wewe uliyempa kofia nyeupe na kumsimamisha nyuma ya kioo akate nyama za watu wengine. Akitoka kazini hunipungia mkono, kisha huutazama mkono wenyewe.

Mimi bado nimefungua. Lakini moyo wangu, Kitinda, unakimbia hata nikiwa nimekaa. Asubuhi nasikia lori lenu likirudi nyuma na kile kilio chake kabla sijafumbua macho. Mchele unaingia wadudu kwa kukosa mnunuzi. Mikate naila mimi na shemeji yako mpaka tumeichukia. Nikisikia mtu anakohoa nje nainuka, nadhani ni mteja. Shemeji yako ameanza kukohoa makusudi ili anione nikitabasamu, na mimi nimeanza kumchukia kidogo.

Sitaki kukukumbusha duka hili limemsomesha nani. Ulikuwa mtoto, nilikuwa dada, ningefanya nini tena. Sitaki fadhila. Nataka uniambie kitu kimoja, wewe unayekaa nao: wanataka mpaka lini? Mimi nikijua mwisho wa jambo naweza kulivumilia. Hili silioni mwisho.

Dada yako


11 Agosti

Dada,

Shikamoo. Sina muda wa kuuliza afya, nisamehe. Shemeji anasubiri chini anajifanya anachagua nyanya.

Uliuliza mpaka lini. Leo nimejua.

Amekuja meneja wa kanda. Alikagua duka, akasifu, kisha akapanda ofisini na kusimama dirishani kwangu kikombe mkononi. Akaniuliza magari ya wateja yataegeshwa wapi biashara ikikua. Nikamwambia nyuma kuna nafasi. Akanyoosha kidole kuelekea kwako, kwa fundi cherehani, kwa fundi viatu, mstari mzima.

"Pale," akasema. "Mwaka mpya tutakuwa na maegesho pale."

Nilimuuliza na waliopo je. Alisema wameshazungumza na mwenye nyumba, mzee amechoka na jengo, wanawe wanataka kuuza, na wapangaji wote wamekubali kuondoka kwa hiari. Karatasi atasaini mwisho wa mwezi huu.

Dada, umekubali kuondoka? Kama umekubali bila kuniambia, una haki. Lakini nilikuona asubuhi ukipiga msumari kwenye rafu, na mtu anayehama hapigi misumari.

Nendeni kwa mwenye nyumba. Nendeni wote, si wewe peke yako. Msiseme mmesikia kwa nani. Hapa juu tuliosikia ni wachache sana, na wenzangu hawana ndugu ng'ambo ya barabara.

Mdogo wako


19 Agosti

Kitinda,

Marahaba, mdogo wangu. Sisi wazima.

Niliposoma barua yako sikuelewa mpaka shemeji yako alipoisoma kwa sauti. Kisha alikunja karatasi, akavaa viatu vya kutokea, bila mzaha hata mmoja. Ndipo nikaogopa kweli.

Tuliwaita wenzetu. Fundi viatu alisema hajakubali chochote, hajaulizwa na mtu. Fundi cherehani alisema aliwahi kuja kijana mmoja wa tai, akamuuliza kama angependa kupata sehemu kubwa zaidi ya kushonea, akajibu nani asiyependa. Kumbe huko ndiko kukubali.

Tukaenda wote. Mwenye nyumba alitupokea kwa mashaka, kama mtu anayetarajia kupewa habari ya msiba. Wanawe wawili walikuwepo, mmoja alisimama mlangoni muda wote. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima, nilipofika yakanitoroka. Nikasema tu, "Mzee, tumesikia tunahama. Tumekuja kuuliza tunahamia wapi."

Akashtuka. "Si mlikubali wenyewe?" akasema. "Nilikuja kwako, nikakaa kwenye benchi lako. Nikakuuliza biashara, ukaniambia umechoka."

Kitinda, nilitamani ardhi inimeze. Nikamwambia, "Nilichoka kupaka rangi, mzee. Nilikuwa ninalipamba duka lako."

Mwanawe wa mlangoni akaanza kusema kwamba biashara haina huruma, na wale watu wanalipa vizuri, na mzee ana umri. Hakusema uongo. Fundi viatu akamjibu kwamba hata sisi tuna umri na hatuna wa kutulipa vizuri. Kidogo maneno yapande. Shemeji yako akamuuliza mzee swali moja tu: kama walimdanganya kuhusu sisi kabla hawajasaini, watamfanyia nini wakishasaini?

Mzee akasema ataenda kufikiri. Leo asubuhi amemtuma mtu. Jengo haliuzwi mwaka huu. Ametupa mwaka mmoja, tena kwa maandishi, na baada ya hapo tutazungumza upya, kama yeye mwenyewe bado yupo wa kuzungumza naye. Wanawe hawatusalimii.

Mwaka mmoja. Nimefurahi kwa muda wa kunywa chai, kisha nikaanza kuhesabu mambo mengine. Wateja hawajarudi. Na wewe, huko juu, watakuuliza nani alisema. Kitinda, wakikuuliza, kana. Sema hujui. Mimi nitasema niliota.

Dada yako


30 Agosti

Kitinda,

U mzima? Nimemtuma shemeji yako na karatasi hii kwa sababu leo dirishani hukuwepo. Jana pia. Amesimama mwanamume nisiyemjua, amefunga pazia.

Simu yako haipatikani. Bucha nimempungia mkono akaingia ndani haraka. Nijibu hata neno moja, lolote.

Dada yako


2 Septemba

Dada yangu,

Shikamoo. Mimi mzima wa mwili. Simu ilikuwa ya kampuni, wameichukua, ndiyo sababu hunipati. Shemeji aligonga chumbani kwangu juzi nikanyamaza, akapitisha karatasi yako chini ya mlango. Niombee msamaha kwake. Sikuwa na uso wa kumfungulia.

Meneja wa kanda alirudi. Safari hii hakusifu kitu. Alifunga mlango, akaniuliza nani amewaambia wapangaji. Ulikuwa umenishauri nikane, na nilikuwa tayari kukana. Maneno nilikuwa nayo mdomoni. Lakini alisema kama sijui, basi ni mmoja wa wale wa chini, na ataanza na yule wa nyama, kwa sababu alikuwa jirani yenu.

Nikamwambia, "Ni mimi. Mwenye duka lile ni dada yangu."

Hakushangaa. Hilo ndilo lililoniuma. Aliniangalia kama mtu mzima anavyomwangalia mtoto aliyechelewa kuelewa.

"Tunajua ni dada yako," akasema. "Unadhani tulikuleta huku kwa nini? Mtaa ungekuja kwako. Watu hawaogopi duka la mtoto wao."

Dada, mimi nilidhani ni kazi yangu nzuri. Nilidhani ni zile rafu nilizokuwa nazipanga mpaka miguu inavimba, na wateja niliowavumilia. Kumbe walinichagua kwa sababu mtaa unanijua. Na unanijua kwa sababu yako. Walichukua jina lako zuri wakalisimamisha mlangoni kwao, na mimi nikawasaidia kulibeba.

Nilikabidhi funguo. Niliteremka ngazi na kikombe changu na kanga niliyokuwa najifunikia baridi. Makeshia waliinamia mashine zao. Bucha alitoka nyuma ya kioo chake, akavua ile kofia, akanisindikiza mpaka nje, kisha akaivaa tena na kurudi kazini. Ana familia. Usimnunie.

Chumba ni cha kampuni, wamenipa mpaka Jumamosi. Nimefunga vitu vyangu. Nimeulizia basi la Jumamosi asubuhi, nitarudi kule nikatafute kazi, ingawa sijui nitaiomba kwa barua ya nani. Nilitaka kupita kukuaga, nikafika mpaka pembeni ya duka la dawa. Ulikuwa unampimia mtu mchele. Nikaona nikikutokea mbele ya mteja mmoja uliyempata nitakuharibia, nikarudi.

Ahsante kwa yote. Siandiki hivi kwa kuaga vibaya. Naandika kwa sababu sijawahi kukwambia.

Mdogo wako


3 Septemba, Ijumaa

Kitinda,

Marahaba.

Anayekuletea karatasi hii ni shemeji yako, na amekuja na mkokoteni. Mgongo wake unauma, kwa hiyo vitu vizito bebeni wawili na usimruhusu ajifanye kijana. Amekula kiapo kwamba safari hii ukinyamaza ataanza kuimba mlangoni mpaka majirani wote watoke, na sauti yake unaijua.

Nisikilize. Bado nina hasira na wewe. Ni hasira kubwa na sijaimaliza, nimeishika tangu Mei. Lakini siwezi kumgombeza mtu aliye ndani ya basi. Nataka uwe hapa, uketi, nikugombeze vizuri mpaka nimalize.

Sikuiti kwa sababu tuna raha. Mchana huu wameteremsha bei ya sukari, nimeisoma kwenye kioo chao kutoka hapa nilipo. Mwaka tuliopewa unaanza kuliwa. Huenda tukafunga kabla haujaisha, sijui, na moyo bado unanikimbia kila lori likirudi nyuma. Ila jana Mama Mapacha alikuja. Alisimama kwenye kaunta akaomba kiberiti, kisha akaniuliza kama ni kweli umefukuzwa kwa ajili yetu. Nikamwambia ni kweli. Akaongeza mchele, akaongeza mafuta, akaondoka na mfuko wangu ameushika kwa mkono wa barabarani. Ni mteja mmoja. Lakini nimekwambia kwa sababu ninajua ungetaka kujua.

Wewe unazifahamu hesabu zao na mbinu zao. Mimi ninafahamu nani anakula mchele upi na nani hapendi kuulizwa kwa sauti. Labda tukikaa kaunta moja tutaona la kufanya. Labda hatutaona. Basi lipo kila Jumamosi, hilo halikimbii.

Vitu vitangulie leo, wewe kesho njoo mapema, kabla sijafungua. Nikishafungua kuna watu, na mimi mbele ya wateja silii.

Dada yako